Ubaridi wa Taif unaenziwa, wa Buruburu unafunikwa kwa saruji

Kwa miongo mingi ya karne iliyopita, joto la Riyadh lilipozidi, serikali ya Saudi Arabia ilifunga virago ikapanda mlimani. Mfalme, mawaziri, makarani na mabalozi walihamia Taif, mji ulio karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari katika milima ya Sarawati, na shughuli za nchi zikaendeshwa huko hadi kiangazi kilipokwisha. Mfalme Abdulaziz, mwanzilishi wa dola hiyo, alifariki Taif Novemba 1953. Mwanawe, Mfalme Khalid, alifia mji huohuo Juni 1982. Mwaka 1989 wabunge wa Lebanon waliitwa Taif, wakaketi huko mpaka wakakubaliana juu ya mkataba wa kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1975. Mwaka uliofuata Iraq iliivamia Kuwait, na amir wa Kuwait na mawaziri wake wakapewa hifadhi mlimani humohumo.

Mkazi wa Buruburu, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, akiambiwa kipimo halisi cha huo ubaridi, huenda asiamini. Mchana wa Julai mjini Taif joto hufika nyuzi 35. Lakini Makka, iliyo bondeni chini ya kilomita 100 kutoka hapo, siku hiyohiyo hupita 42, na usiku haipumui. Taif jua likitua, upepo wa mlimani huanza na watu hutoka nje na majamvi na birika zao za kahawa. Kwa Nairobi, wastani wa joto la mchana mwezi Julai ni kama nyuzi 22. Kile ambacho wafalme walikwea milima kukifuata, mwenye nyumba ya kupanga karibu na Rabai Road hukikuta mlangoni kila asubuhi anapotoka kusubiri matatu.

Ndiyo maana inauma kuona kinavyotendewa. Ubaridi wa mji wa nyanda za juu ni rasilimali ya umma kama maji na barabara. Una gharama ya kuutunza, na ukishapotea haununuliki madukani. Nairobi, hasa upande wa Eastlands, inaupoteza mwaka baada ya mwaka bila hata kuuandika kwenye vitabu vyake vya hesabu.

Waislamu wa Afrika Mashariki wanaijua Taif tangu madrasa. Huko ndiko Mtume Muhammad alikokwenda karibu mwaka 619, baada ya kufiwa na mkewe Khadija na ami yake Abu Talib, kuomba hifadhi kwa kabila la Thaqif, akafukuzwa kwa mawe hadi miguu ikavuja damu. Alijisitiri katika shamba la mizabibu la ndugu wawili, Utba na Shaiba wana wa Rabia. Hao walikuwa wapinzani wake, lakini siku ile huruma iliwashika, wakamtuma mtumwa wao Addas, Mkristo wa asili ya Ninawi, ampelekee kishada cha zabibu. Kisa hicho husomwa kwa ajili ya funzo lake la subira, na ndivyo inavyostahili. Ila ndani yake mna habari nyingine ambayo wasimulizi huipita haraka: Utba na Shaiba walikuwa watu wa Makka. Matajiri wa bondeni walikuwa na bustani zao mlimani tangu wakati huo, kwa sababu walishajua zabibu hustawi wapi na binadamu hupumua wapi.

Baada ya hapo bustani hazikuachwa zijitunze zenyewe. Mwaka 58 Hijria, yaani 677 au 678, Khalifa Muawiya aliamuru bwawa lijengwe nje kidogo ya mji. Ukuta wake wa mawe upo hadi leo, na kwenye jabali lililo karibu kuna maandishi ya Kiarabu yanayotaja mwaka na aliyeamuru kazi ifanyike. Mvua ya Taif kwa mwaka wa kawaida haifiki milimita 200. Nairobi hupata mara nne ya hizo na zaidi. Siku hizi maji ya Taif hutoka mbali zaidi: huondolewa chumvi katika pwani ya Bahari ya Shamu, yakasukumwa kwa mabomba kupanda mlima wote ule. Kwa maji hayo ya thamani, watu wa huko bado wana makomamanga, tini, zabibu na mawaridi.

Mawaridi ndiyo yaliyoipa Taif jina. Huchumwa Machi na Aprili, kwa majuma machache tu, katika mashamba ya Hada na Shafa yaliyo juu zaidi ya mji wenyewe. Wachumaji huingia shambani kabla jua halijapanda, kwa sababu jua likiwaka mafuta yaliyomo kwenye petali hupaa na harufu ikapungua. Maua hayo hupikwa katika vyungu vikubwa vya shaba, mvuke ukapitishwa kwenye bomba lililozamishwa ndani ya maji baridi, na kinachodondoka upande wa pili ndicho marashi na maji ya waridi. Tola moja ya mafuta hayo, ambayo haifiki gramu 12, huhitaji maua yapatayo elfu kumi au zaidi. Desemba 2024 UNESCO iliuingiza utamaduni huo wa waridi la Taif katika orodha yake ya urithi usioshikika wa binadamu. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imeutambua mji huo kuwa mji wa fasihi, kwa heshima ya Ukaz, soko la kale lililo jirani, ambako Waarabu wa kabla ya Uislamu walikutana kufanya biashara na kushindana kwa mashairi.

Mtu asiidhanie Taif kuwa pepo. Ni mji wa zaidi ya watu nusu milioni, una foleni za magari na majengo yanayotambaa kila upande, na historia yake ya kiangazi ni historia ya wakubwa waliokuwa na uwezo wa kuhama. Linaloigika ni moja. Mji ule umeutambua ubaridi wake kuwa ndio mtaji wake. Umeufanyia biashara, umeujengea barabara ya kona baada ya kona kupanda Hada, iliyofunguliwa mwaka 1965, na mtoto wa huko hukua akijua kwamba watu hufunga safari kuja kupumua hewa anayoipumua yeye. Hata baadhi ya vikundi vya Umra vinavyotoka Kenya hupandishwa huko kwa ziara ya siku moja, wakauona msikiti wa Ibn Abbas, mwanazuoni wa tafsiri aliyezikwa Taif, wakanunua marashi na kushuka tena.

Kenya nayo si mgeni wa biashara ya baridi. Waridi la Naivasha, Timau na Kiambu hustawi kwa sababu usiku wa nyanda za juu ni wa baridi ijapokuwa ikweta iko hapo karibu. Chai ya Limuru na Kericho ni habari ileile. Mkulima wa maua anajua kila nyuzi ya joto ina maana gani kwa urefu wa shina na ukubwa wa ua, na anajua itamgharimu nini ikibadilika. Jijini hakuna mwenye hesabu hiyo.

Buruburu ulianza kujengwa mwaka 1973 kwa ushirikiano wa Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola na Baraza la Jiji la Nairobi, kuanzia Fezi 1 hadi Fezi 5, ukakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zilikuwa karibu nyumba 5,000, nyingi za ghorofa moja, zikauzwa kwa mikopo ya nyumba kwa walimu, makarani wa serikali, wahasibu na wafanyakazi wa benki. Lililoufanya mtaa huo uwe wa pekee lilikuwa mpangilio wake. Nyumba ziliwekwa kuzunguka viwanja vya pamoja. Magari yaliishia pembeni, watoto wakacheza katikati, na mama akichungulia dirishani alimwona wa kwake na wa jirani. Kila nyumba ilikuwa na kijibustani mbele, ua wa kayaba, na nafasi ya mti mmoja au miwili. Waliokulia humo katika miaka ya 1980 bado wanasimulia mapera yaliyoibwa na mpira uliovunja vioo.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Serikali ilipunguza wafanyakazi, bei zikapanda, na familia iliyonunua nyumba kwa mshahara wa mtu mmoja ikajikuta haina mshahara. Kilichobaki ni kile kijibustani. Kikajengwa vyumba vya nyongeza: kwanza kimoja cha kupangisha, kisha duka, saluni, bucha, kibanda cha M-Pesa, na katika sehemu nyingine jengo la ghorofa nne lililosimama pale palipokuwa na kayaba. Leo anayepita Mumias South Road huona ukuta wa maduka, na nyumba zenyewe za asili zimejificha nyuma. Viwanja vingi vya pamoja vimekuwa maegesho ya magari, vingine vimezungushiwa lango la chuma na vigae vya saruji kutandazwa kutoka ukuta hadi ukuta.

Si haki kuwalaumu wenye nyumba kana kwamba walifanya hivyo kwa ulafi. Wengi walisomesha watoto kwa kodi ya vyumba hivyo. Mpangaji naye alipata pa kulala karibu na kazi yake. Lawama inawaangukia waliokuwa na kalamu ya kuidhinisha ramani na waliokuwa na jukumu la kusema: jenga hapa, lakini pale pabaki udongo. Kwa miaka thelathini kalamu hiyo imekuwa kimya, au imeandika ilichoandikishwa.

Kinachotokea baada ya hapo hakihitaji mtaalamu kukieleza. Saruji, lami na mabati hunywa jua mchana kutwa, na usiku huuachilia moto ule polepole ndani ya vyumba vya watu. Mti hufanya kinyume chake: huzuia jua lisifike ardhini, na maji unayoyapumua kupitia majani huipoza hewa iliyo chini yake. Ukikata mti mmoja katika kiwanja cha nyumba ishirini, nyumba zote ishirini hupata joto zaidi. Rekodi za vituo vya hali ya hewa vya Nairobi zinaonyesha joto la usiku likipanda kwa miongo kadhaa sasa. Kuanzia Januari hadi Machi, mpangaji wa chumba cha nyongeza chenye dirisha moja linalotazama ukuta hulala mlango ukiwa wazi, pamoja na hatari zote za kufanya hivyo, au hununua feni ambayo mzazi wake aliyeishi mtaa huohuo hakuwahi kuihitaji.

Jambo hili lina mizizi ya zamani zaidi ya Buruburu. Ramani kuu ya Nairobi ya mwaka 1948, iliyoandaliwa kwa ajili ya jiji kuu la koloni, ilikuta ubaguzi wa makazi ukiwa tayari umekita, ikaupangia mitaa juu yake. Magharibi, penye udongo mwekundu, vilima na misitu, palikuwa pa Wazungu. Wahindi walikaa Parklands, Ngara na Pangani. Waafrika wakawekwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi, karibu na reli na viwanda. Ubaridi uligawanywa kwa rangi ya ngozi. Uhuru ulipokuja, rangi ikaondoka na pesa ikachukua nafasi yake, ila mstari ukabaki palepale.

Ushahidi upo kwenye ramani ya misitu. Karura, Ngong Road Forest, City Park na Arboretum zote ziko upande wa magharibi na kaskazini. Karura ipo hadi leo kwa sababu mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa na kujeruhiwa pale Januari 1999 wakipinga kugawanywa kwake kwa wajenzi. Miaka kumi nyuma yake, mwaka 1989, mama huyo alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kumeza sehemu ya Uhuru Park. Nairobi nzima inamshukuru. Lakini Eastlands ina viwanja vya Kamukunji, Camp Toyoyo na Jacaranda, ambavyo ni vya vumbi, mpira na mikutano ya siasa. Msitu wa kukaribia ukubwa wa Karura haina hata mmoja. Viwanja vya ndani vya Buruburu na miti yake vilikuwa ndivyo msitu wa watu wa upande huu, umetawanywa vipande vipande kati ya nyumba, ndiyo sababu hakuna aliyeuona ulipokuwa ukikatwa.

Barabara zilizofuata hazikuwa na huruma zaidi. Ujenzi wa barabara ya juu kwa juu kutoka Mlolongo hadi Westlands uliiondoa miti mingi ya Uhuru Highway, na mwaka 2020 wananchi walipiga kelele mpaka mti mmoja mkubwa wa mugumo pale Waiyaki Way ukaachwa kwa agizo la rais. Kuokoa mugumo ule lilikuwa jambo jema. Lakini jiji lenye watu zaidi ya milioni nne haliwezi kuwa na utaratibu wa kuokoa mti mmoja mmoja kwa amri ya ikulu.

Sheria zenyewe zipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ifikishe na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi, na takwimu rasmi za 2021 zilionyesha Kenya imefika asilimia 12.13. Serikali ikaahidi miche bilioni 15 kufikia 2032, na Novemba 13, 2023 ikatoa likizo ya kitaifa watu wakapande. Tatizo ni kwamba asilimia ya nchi haimpi kivuli mtu wa Fezi 4. Miche milioni moja ikipandwa katika msitu wa Mau, chumba cha Buruburu hakipoi kwa hilo.

Sasa kuna jambo kubwa zaidi linalokuja. Mitaa ya zamani ya jiji iliyo jirani na Buruburu, kama Jericho, Maringo, Bahati na Lumumba, imo kwenye mipango ya kubomolewa ijengwe maghorofa. Nyumba zinahitajika, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema familia ziendelee kubanana kwenye vyumba vya enzi za ukoloni vinavyovuja. Lakini mitaa hiyo ina miti iliyopandwa kabla wengi wa wakazi wake wa leo hawajazaliwa. Mkandarasi akipewa ardhi tupu kwenye karatasi, ataifanya tupu kwelikweli kabla hajachimba msingi wa kwanza, kwa sababu hivyo ndivyo inavyokuwa rahisi kwa tingatinga. Miti hiyo lazima iwe kwenye ramani kabla ya zabuni kutangazwa, kila mmoja na mahali pake, na jengo lipangwe kuizunguka.

Atakayesema haiwezekani katika jiji lisilo na fedha aitazame Medellín, Colombia. Nayo ni mji wa mlimani, karibu mita 1,500 juu ya bahari, uliosifika kwa hewa yake nzuri mwaka mzima hadi ujenzi ulipoanza kuuchemsha. Kuanzia mwaka 2016 jiji hilo lilipanda miti na mimea kwenye njia 30 zilizofuata barabara na mikondo ya maji, likawafunza wakazi wa mitaa ya kipato cha chini kuwa watunza bustani wake, na joto katika maeneo hayo likapungua kwa nyuzi zipatazo 2. Rabai Road na Mumias South Road zina urefu wa kutosha kwa kazi kama hiyo, na vijana wa kuifanya wapo, wamekaa kwenye vijiwe wakisubiri kazi yoyote.

Yanayotakiwa Buruburu hayahitaji mkopo wa kigeni. Kila kiwanja cha pamoja kilichobaki kipimwe, kiandikwe kuwa ardhi ya umma na kisajiliwe, ili mnunuzi wa nyumba ya pembeni asiweze kuamka siku moja na hati yake. Anayetaka kujenga chumba cha nyongeza aruhusiwe kwenda juu badala ya kutandaza chini, na sehemu ya ploti ibaki udongo unaopitisha maji. Paa la bati lipakwe rangi nyeupe. Aliyekwisha kuziba kiwanja kwa vigae asibomolewe nyumba, bali adaiwe mashimo ya miti na miche ya kuyajaza, aitunze yeye mwenyewe. Wauza miche walio kando ya barabara za jiji hili watampa mche kwa bei isiyozidi chakula cha mchana.

Kaunti hutakiwa kupeleka makadirio ya bajeti kwenye bunge lake kufikia Aprili 30, nayo yapitishwe kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1. Kati ya tarehe hizo mbili kuna vikao vya kusikiliza maoni ya wananchi, ambavyo mara nyingi huhudhuriwa na watu wachache na kujadili taa za barabarani na takataka. Vyama vya wakazi vya Buruburu, Umoja, Donholm na Jericho viingie humo na waraka mmoja: orodha ya viwanja vilivyobaki, miti iliyomo, na fedha za kupanda na kumwagilia kwa miaka mitatu ya kwanza, kwa kuwa mche unaoachwa bila maji kiangazi cha kwanza hufa. Waraka huo uandikwe Februari, joto likiwa ndani ya vyumba. Kufikia Juni kila mtu atakuwa amevaa sweta, na hata diwani hatakumbuka kwamba jambo hili lilikuwa la dharura.